Mpigo Uliochelewa: Setilaiti ya Uhuru na Siri za Nyota za Nyutroni

Atakayezifungua orodha za wanafalaki wanaochunguza miale ya eksirei itokayo angani atakumbana na majina yasiyo na utamu wowote sikioni: 4U 0115+63, 4U 1626-67, 4U 1907+09 na mengine mengi ya mkondo huo. Tarakimu zinazofuata ni anwani ya nyota angani, mfano wa mtaa na nambari ya nyumba. Herufi U inayozitangulia, hata hivyo, si ya Kilatini wala ya Kiingereza. Ni ya Kiswahili. Inasimama badala ya neno Uhuru, na ile 4 yaonyesha kuwa hiyo ni orodha ya nne iliyotokana na setilaiti ya jina hilo, orodha iliyochapishwa mwaka 1978 ikiwa na vyanzo 339 vya eksirei. Hivyo basi mtafiti wa Tokyo au Moscow huandika herufi ya Kiswahili kila siku ya kazi yake, aghalabu bila kujua.

Wanafunzi wa lugha hii hufundishwa, na ni haki wafundishwe, jinsi ilivyosafiri kwa majahazi, kwa misafara ya bara na kwa mawimbi ya redio. Safari yake ya roketi ni nadra kutajwa.

Safari hiyo ilianzia Ghuba ya Ungwana, kaskazini ya mji wa Malindi, mbele ya kijiji cha Ngomeni. Hapo Wataliano, chini ya mhandisi Luigi Broglio, walikuwa wamesimamisha majukwaa ya chuma juu ya bahari. Jukwaa la San Marco lilikuwa la kurushia roketi, na la Santa Rita lilibeba mitambo ya kuongozea. Setilaiti ya kwanza ilipaa kutoka hapo Aprili 1967. Waliopachagua mahali hapo hawakuvutwa na mchanga mweupe uwavutao watalii. Malindi iko takriban nyuzi 3 tu kusini ya ikweta, na kwenye ikweta mzunguko wa dunia wenyewe huisukuma roketi, ikapunguza haja ya fueli. Upande wa mashariki ni bahari tupu, hakuna paa la mtu la kuangukiwa na vipande. Isitoshe, chombo kinachozunguka chini chini juu ya ikweta huepukana kwa kiasi kikubwa na chembe zenye umeme ambazo kwingineko huvivuruga vipima miale.

Tarehe 12 Desemba 1970 roketi ya aina ya Scout ilipaa kutoka San Marco ikiwa imebeba setilaiti ya Wamarekani iliyoitwa kwa jina rasmi SAS-1. Uzito wake ulikuwa kilo 142 hivi, haufikii magunia mawili ya mahindi. Marjorie Townsend, msimamizi wa mradi huo katika shirika la NASA, ndiye aliyeipa jina la Uhuru, kwa kuwa siku ile Kenya ilikuwa ikiadhimisha miaka 7 tangu ijitawale. Kundi la wanasayansi liliongozwa na Riccardo Giacconi, mzaliwa wa Genoa, ambaye baadaye, mwaka 2002, alitunukiwa Nobeli ya fizikia. Kabla ya hapo uchunguzi wa eksirei za angani ulitegemea roketi ndogo zilizochungulia nje ya anga kwa dakika chache kisha zikaanguka, maana hewa ya dunia huzizuia eksirei zisitufikie. Uhuru ilitazama kwa zaidi ya miaka 2, hadi Machi 1973.

Mwanafunzi mmoja wa Kiswahili, binti aliyelelewa Ngomeni na babu yake mzaa mama, alikutana na habari hizi si katika somo la sayansi bali katika zoezi la istilahi. Kila mwanafunzi alitakiwa kuteua uwanja mmoja wa maarifa na kupendekeza istilahi 10 za Kiswahili pamoja na sababu zake. Wenziwe walichagua benki, kompyuta, kandanda. Yeye alichagua falaki, kwa kuwa tangu utotoni aliyaona majukwaa yale yakisimama majini kama wadudu wenye miguu mirefu, na hakuna aliyewahi kumweleza kazi yake ila kwamba "Wataliano walikuwa wakirusha mizinga yao pale."

Neno la kwanza tu lilimkwamisha: pulsa. Nyota za namna hii ziligunduliwa mwaka 1967 na Jocelyn Bell, mwanafunzi wa utafiti katika chuo kikuu cha Cambridge, Uingereza, alipoona katika karatasi za mtambo wake wa redio alama ndogo iliyojirudia kila baada ya sekunde 1.337 bila kukosea. Binti aliandika kwanza "nyota mapigo", akafuta. Mapigo ni ya moyo, na moyo hufura na kunywea. Msomaji atadhani nyota nayo hufura na kunywea. (Wapo wataalamu waliodhani hivyo hivyo katika miezi ya mwanzo ya 1968.) Akaandika "nyota kimulimuli", akafuta tena, kwani kimulimuli huwaka akazima, ilhali nyota hii haizimiki kamwe. Hujizungusha kwenye mhimili wake, na mwali wake hupitia usoni petu mara moja katika kila mzunguko, sawa na mnara wa taa uelekezao vyombo usiku. Nahodha anajua kuwa taa ya mnara haikuzimika. Imegeuza uso tu. Istilahi mbaya, kumbe, yaweza kuwa nadharia mbovu iliyovishwa kanzu safi. Mwishowe aliandika "pulsa" akaendelea, ingawa roho haikumtulia.

Likizo ilipowadia alimpelekea babu yake daftari. Mzee huyo alikuwa kijana barobaro mwaka 1970, mvuvi wa mshipi na nyavu, na moshi mweupe wa roketi zile aliuona kwa macho yake zaidi ya mara moja. Baada ya shikamoo na marahaba, na baada ya chai, aliuliza swali ambalo inaelekea alikuwa nalo kwa nusu karne.

"Mjukuu wangu, ule mzinga walioupa jina la uhuru wetu, huko juu ulipata nini?"

Binti alianza kumsomea alichoandika. Mzee alisikiliza kwa adabu kama mtu anayesikiliza hotuba ya mgeni rasmi. Ndipo binti akalifunga daftari, akaanza upya.

Katika miezi ya mwanzo ya 1971, alisema, Uhuru iliona nyota moja upande wa kusini wa anga, waiitayo Centaurus X-3, ikimulika eksirei kwa mpigo mmoja kila baada ya sekunde 4.84. Jambo hilo pekee lingetosha kuwa habari. Lakini walipoendelea kuhesabu, waligundua kuwa mipigo haikai sawa. Kuna saa ilikuja mapema, kuna saa ilichelewa. Tofauti kati ya mpigo mmoja na mwingine ilikuwa ndogo mno, haizidi sehemu 7 za elfu moja za sekunde, ila ikirundikana, mpigo uliotarajiwa wakati fulani hufika ukiwa umechelewa kwa sekunde 40 hivi. Wapo ambao wangeilaumu saa ya chombo chao na kwenda kulala.

"Sasa mfikirie mtu, babu, amekaa ndani ya mashua anapiga ngoma. Mkono wake hauharakishi wala haukawii. Mashua ikitoka ghubani kwenda mbali, kila pigo linaanza safari yake kutoka mbali zaidi kuliko lililotangulia, kwa hiyo wewe uliye ufuoni utayasikia yakichelewa. Akirudi, yatakuja yamesongamana. Nyota ile nayo imo mashuani."

Mzee alinyamaza kidogo, kisha akauliza, "Utajuaje kuwa ni mashua inayokwenda mbali, wala si mkono wa mpigaji uliochoka?"

Hakuna mhakiki wa jarida la fizikia ambaye angeuliza vizuri zaidi. Swali hilo ndilo lililowashughulisha Giacconi na wenzake, hasa Ethan Schreier na Harvey Tananbaum, kwa miezi kadhaa. Jibu lao, lililochapishwa mwaka 1972, lina sehemu mbili. Kwanza, mkono uliochoka haupumziki kwa ratiba. Mipigo ya Centaurus X-3 ilipungua kasi na kuongezeka kwa mwendo ule ule, ikirudia hali yake ya awali kila baada ya siku 2.087, tena na tena. Pili, katika kila mzunguko huo eksirei zilipotea kabisa kwa muda wa takriban nusu siku kisha zikarejea, na kupotea huko kulitokea wakati ule ule ambapo kuchelewa kumefikia upeo. Yaani ngoma hunyamaza pale mashua inapokuwa mbali kabisa.

"Imepita nyuma ya kisiwa," alisema mzee.

Ndivyo. Kisiwa chenyewe ni nyota nyingine, kubwa ajabu, ambayo pulsa huizunguka. Kutokana na mwendo wa mipigo tu, bila kuiona nyota hiyo, waliweza kukokotoa kuwa pulsa inakwenda kwa kasi ya kilomita 415 hivi kwa sekunde, na kwamba mwenzake hawezi kuwa na uzito unaopungua mara 15 ya uzito wa Jua letu. Mwaka 1974 mwanafalaki wa Kipolandi, Wojciech Krzeminski, aliipata nyota hiyo kwa darubini ya kawaida, mahali ilipotazamiwa kuwa. Wakati huo Uhuru ilikuwa imekwisha kuona jozi ya pili, Hercules X-1, ambayo hupiga kila baada ya sekunde 1.24 na kuzunguka mwenzake kwa siku 1.7. Ile ina vituko zaidi, maana huwaka na kufifia pia kwa zamu ya siku 35 hivi, na habari zake zingehitaji makala nyingine.

Aghalabu watu husimulia kisa hiki kana kwamba ugunduzi ulikuwa ule mpigo wa sekunde 4.84. Si kweli. Mpigo uliokamilika, usio na ila, ungewaambia tu kuwa kuna kitu kinazunguka mahali fulani. Uzito, mwendo, ujirani na chakula cha nyota ile vilijulikana kwa sababu mipigo haikufika kwa wakati.

Neno chakula halikuteleza. Mzee aliuliza tena, "Na huo mkono wenyewe, haukuchoka hata kidogo?" Binti akamjibu kuwa ajabu ni kinyume chake. Ukishaondoa athari ya mashua kwa hesabu, kinabaki kitu ambacho hakirudi nyuma kwa ratiba. Mkono wenyewe unaharakisha. Katika miongo minne Centaurus X-3 imetoka sekunde 4.84 hadi karibu 4.80 kwa mzunguko, ingawa mara nyingine husita au hupunguza kasi kwa kitambo. Pulsa za redio, kama ile ya Jocelyn Bell, hupunguza mwendo mwaka hadi mwaka kwa kuwa hutumia akiba ya mzunguko wao. Hii inaongeza.

"Basi yupo anayeilisha," alisema mzee.

Anayeilisha ni yule jirani mkubwa. Gesi yake humwagika kuelekea pulsa, haidondoki moja kwa moja bali huizunguka kwanza, kisha uga wa sumaku huielekeza kwenye ncha mbili za nyota. Inapogonga hapo hupata joto la mamilioni ya nyuzi na kutoa eksirei. Na kwa kuwa inafika ikiwa na mzunguko wake, huichapa nyota kama mtoto anavyoichapa pia yake kwa kamba ili izidi kuzunguka. Pia kubwa yenye tumbo pana haishtuki upesi kwa kuchapwa. Pia nyembamba hushika kasi mara moja. Wakati ule palikuwa na mabishano kama nyota hizi ni vibete vyeupe, ambavyo ukubwa wake unakaribia ule wa dunia, au nyota za nyutroni, ambazo ni ndogo mno. Kiasi cha gesi kilichoanguka kingeweza kukadiriwa kutokana na mwangaza. Kwa gesi kiasi kile, kibete cheupe kisingeharakisha hivyo. Ni nyota ya nyutroni tu ingeweza: uzito unaozidi wa Jua, umefinywa katika tufe lenye kipenyo kisichozidi sana masafa ya Malindi mjini hadi Watamu. Kijiko kimoja cha chai cha mata yake kina uzito wa mabilioni ya tani.

Kuna hitilafu ya namna ya tatu, ambayo Uhuru haikuigundua lakini binti aliihitaji kwa orodha yake. Kati ya mwisho wa Februari na mwanzo wa Machi 1969, pulsa ya Vela (jina hilo la Kilatini maana yake ni matanga), inayojizungusha mara moja kwa milisekunde 89, iliongeza kasi ghafla kwa takriban sehemu 2 za milioni. Mashua haikusogea na hakuna jirani wa kuilisha. Iliruka tu, kisha ikachukua majuma na miezi kurejea polepole karibu na mwendo wake wa zamani. Wa kueleza hali hii jikoni ni yai bichi. Lizungushe mezani, ligusishe kidole lisimame kwa nukta moja, kisha uondoe kidole. Litaanza kuzunguka tena lenyewe, kwa kuwa ute wa ndani haukusimama. Nyota ya nyutroni nayo ina gamba gumu linalopunguza mwendo, na ndani yake mna nyutroni zilizo katika hali ya majimaji yasiyo na msuguano, ambazo zinaendelea na kasi yao ya kale. Mara kwa mara za ndani hulisukuma gamba, nalo likaruka. Urefu wa muda wa kutulia ndio uliowashawishi wanafizikia, mwaka huo huo wa 1969, kuwa majimaji hayo yamo. Hakuna chombo kitakachochimba humo. Kinachojulikana kuhusu tumbo la nyota kilijulikana kwa kuruka kwake.

Mruko wa Vela ulikuja kunaswa mpigo kwa mpigo na antena ya kipenyo cha mita 26 huko Tasmania, Australia. Wakati wa mruko mpigo mmoja ulikosekana kabisa. Tarehe ilikuwa 12 Desemba 2016, Sikukuu ya Jamhuri, miaka 46 kamili tangu Uhuru ipae kutoka Ngomeni. Ni sadfa tupu, na nyota ile haina habari na Jamhuri ya mtu. Hata hivyo mzee aliifurahia kuliko yote aliyoambiwa.

Majukwaa ya Ungwana yalirusha setilaiti 9 kwa jumla, ya mwisho Machi 1988. Baada ya Uhuru zilifuata SAS-2 mwaka 1972, iliyoiona kwa mara ya kwanza nyota iitwayo Geminga, nayo ikaja kubainika kuwa pulsa. Kisha Ariel 5 ya Waingereza mwaka 1974, na SAS-3 mwaka 1975. Ni vigumu kutaja kijiji kingine duniani ambacho maji yake yamechangia hivyo elimu ya nyota za nyutroni, na ni vigumu vilevile kumpata mwanafunzi wa pwani aliyesomeshwa habari hizo shuleni. Taifa-1, setilaiti ya Kenya iliyopaa Aprili 2023 kwa jina la Kiswahili, ilirushwa kutoka California. Uhuru yenyewe iliungua ilipoirudia anga ya dunia mwaka 1979.

Aliporejea chuoni binti aliwasilisha orodha yake. "Nyota ya nyutroni" ilipita bila neno. "Pulsa" iliwekewa alama ya kuuliza, pembeni pakaandikwa "nyota mnara?", pendekezo ambalo alijilaumu kwa kutolifikiria mwenyewe. Kuhusu "mruko" mhadhiri aliuliza kwa nini asitumie "hitilafu", neno ambalo watu wote wanalijua. Alijibu kuwa hitilafu ni ya mtambo ulioharibika, na pale hakuna kilichoharibika. Jibu likakubaliwa.

Istilahi ya kumi aliiacha wazi. Ilihusu 4U 1626-67, pulsa ya eksirei inayozunguka mara moja kwa sekunde 7.7 hivi. Tangu enzi ya Uhuru ilikuwa ikiharakisha, hadi mwaka 1990 ilipogeuka ikaanza kukawia. Mwaka 2008 ikageuka tena ikaharakisha. Mwaka 2023 ikageuka mara ya tatu. Chini ya nafasi iliyo tupu aliandika kwamba wanafizikia hawajaafikiana ni nini kinachoigeuza, na kwamba haoni busara ya kukipa jina kwa sasa. Alipata alama 9 kwa 10.